“Jimbo Lenye Utajiri wa Gesi”: Uhakiki wa Kivumishi Ambatani cha Kiingereza na Tafsiri Yake katika Habari za Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Habari za Kiingereza kuhusu Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Tanzania, aghalabu hulitaja jimbo hilo pamoja na kivumishi ambatani “gas-rich”. Katika Kiswahili kivumishi hicho kimezoeleka kufasiriwa kwa kirai “lenye utajiri wa gesi”. Makala hii inahakiki safari ya kivumishi hicho kutoka lugha moja hadi nyingine. Hoja yake kuu ni kwamba Kiingereza huacha wazi jambo ambalo maneno yaliyochaguliwa katika Kiswahili hulifunga: nani mwenye mali. Mfasiri anapochagua “utajiri”, maelezo ya kijiolojia hugeuka kuwa dai la umiliki, na dai hilo haliafikiani na sheria za nchi wala na hali ya wakazi wa Palma na Mocímboa da Praia. Vivumishi vingine viwili vinavyoandamana na hicho, “war-torn” na kile kinachoishia na “-linked”, vinachunguzwa kwa ufupi ili kuonesha kuwa tatizo si la neno moja. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa wafasiri na kwa washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Kabla ya mwaka 2010 jina la Cabo Delgado lilifuatana na historia ya ukombozi. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 yalitokea huko, na ni huko pia, katika eneo la Chai, ambako risasi za mwanzo za vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno zilifyatuliwa tarehe 25 Septemba 1964. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani ilipogundua gesi katika bonde la Rovuma, na kampuni ya Eni ya Italia ikafuatia kwa ugunduzi wake mwaka 2011, jimbo lilipata sifa mpya. Shambulio la kwanza la waasi dhidi ya mji wa Mocímboa da Praia lilipotokea tarehe 5 Oktoba 2017, sifa hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa, na waandishi wa Kiingereza waliiweka mbele ya jina la jimbo karibu kila walipolitaja.

Kwa msomaji wa London au Johannesburg, sifa hiyo ni msaada wa kumbukumbu: humwambia ni jimbo gani linalozungumziwa. Kwa msomaji wa Kiswahili hali ni tofauti. Kimwani, lugha ya wakazi wengi wa pwani kuanzia visiwa vya Quirimbas hadi Mocímboa da Praia, ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Huko Palma na ng'ambo ya mto Ruvuma, Kiswahili chenyewe husikika sokoni, misikitini na redioni. Habari inayoelezwa kwa Kiswahili kuhusu pwani hiyo huwafikia watu wanaosimuliwa ndani yake. Aidha, tangu mkutano wa wakuu wa nchi wa SADC uliofanyika Dar es Salaam mwezi Agosti 2019 ulipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, maneno yanayotumiwa na wafasiri wa habari yana nafasi kubwa zaidi ya kuingia katika nyaraka za maamuzi. Ndiyo maana kirai cha maneno manne kinastahili kuhakikiwa.

2.0 Msingi wa Uchambuzi

Uchambuzi huu unaegemea mawazo mawili. La kwanza ni la Milman Parry, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1928 kuhusu sifa za kimapokeo katika tenzi za Homer alionesha kuwa sifa zinazojirudia mbele ya majina hutumikia kwanza mahitaji ya mizani. Msikilizaji aliyezizoea haipimi maana yake kila anapozisikia. Huzipokea kama sehemu ya jina. Mwandishi wa habari hafungwi na mizani, lakini hufungwa na nafasi. Sentensi ya kwanza ya habari inatakiwa kubeba tukio, mahali, wahusika na sababu. Kivumishi ambatani, yaani maneno mawili yaliyofungwa kwa kistari na kutangulizwa mbele ya jina, hubana sentensi nzima katika nafasi ya neno moja. Kikitumiwa mara nyingi huingia katika hali aliyoieleza Parry: msomaji hakipimi tena.

Wazo la pili ni la Roman Jakobson, ambaye katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri alieleza kuwa tofauti ya msingi baina ya lugha imo katika yale ambayo kila lugha humlazimisha msemaji kuyasema, wala si katika yale inayomruhusu. Wazo hili lina uzito maalumu kwa vivumishi ambatani, kwa sababu umbo hilo la Kiingereza linajulikana kwa wingi wa mambo linayoyaacha bila kusemwa. Nomino inayotangulia kivumishi haina kihusishi, haina njeo, haina umilikishi. Uhusiano wa maneno hayo mawili humwachia msomaji aukisie mwenyewe.

Kiswahili hakina njia hiyo. Hesabu ya vivumishi vyake halisi ni ndogo, na kazi kubwa ya kusifia hufanywa na kihusishi cha -a unganifu, na virejeshi, na kivumishi cha pekee -enye. Kila moja ya njia hizi hudai upatanisho wa ngeli, na virejeshi aghalabu hudai njeo. Jadi ya Kiswahili ya kuisifia miji nayo hupenda sentensi kamili. Msemo wa Unguja kuwa ni njema, atakaye aje, una kiima, una kiarifu na una mwaliko. Anayeusikia anaweza kuukubali au kuupinga. Sifa iliyofichwa ndani ya kivumishi ambatani haimpi msomaji nafasi hiyo.

3.0 “Gas-rich” na Swali la Mwenye Mali

3.1 Wingi na utajiri

Neno “rich” la Kiingereza lina matumizi mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni la mtu mwenye mali. La pili ni la kitu kilichojaa kitu kingine: udongo uliojaa chuma, chakula kilichojaa vitamini. Kivumishi “gas-rich” kimejengwa juu ya matumizi ya pili, na wanajiolojia hukitumia hivyo. Kinapowekwa mbele ya jina la jimbo lenye watu zaidi ya milioni mbili, matumizi ya kwanza hurudi kimyakimya. Msomaji wa Kiingereza anabaki na maana zote mbili kwa pamoja, wala hatakiwi kuchagua.

Mfasiri wa Kiswahili hutakiwa kuchagua, na lugha yake imekwisha kumpa njia. Mwalimu wa lishe anayezungumza na akina mama kliniki husema “vyakula vyenye vitamini nyingi”. Bwana shamba husema “udongo wenye rutuba”. Ni nadra kumsikia mmoja wao akisema “utajiri wa vitamini” au “utajiri wa rutuba” isipokuwa pale anaposoma kijitabu kilichotafsiriwa. Kwa kawaida ya lugha, basi, maana ya wingi hubebwa na -enye pamoja na -ingi au tele. Kirai “jimbo lenye gesi nyingi” kingetosha. Kilichomfikisha mfasiri kwenye “utajiri” ni kivuli cha neno la Kiingereza.

Uchaguzi huo una gharama, kwa sababu “tajiri” katika Kiswahili halina maana ya kujaa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara, na maana hiyo bado imo. Katika miji ya pwani na bara, tajiri ni mwenye mali na ni mwajiri: dereva wa daladala humwita hivyo mwenye gari, na mfanyakazi humwita hivyo aliyemwajiri. Palipo na utajiri pana tajiri anayejulikana. Kwa hiyo kirai “jimbo lenye utajiri wa gesi” kinasema kuwa jimbo ni tajiri na kwamba mali yake ni gesi. Kivumishi cha Kiingereza hakikufika huko.

3.2 Sheria na jiografia

Je, dai hilo ni kweli? Katiba ya Msumbiji inaeleza kuwa maliasili zilizoko ardhini, chini ya ardhi, katika bahari ya nchi na katika eneo lake la kiuchumi baharini ni mali ya Dola. Jimbo si mmiliki. Haki za uchimbaji zimetolewa kwa miungano ya kampuni kwa mikataba iliyosainiwa na serikali kuu mjini Maputo. Kwa miaka mingi sheria za bajeti zimetenga asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji kwa ajili ya jamii za maeneo ya uchimbaji. Mfuko wa taifa ulioanzishwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwezi Desemba 2023 umepangiwa asilimia 40 ya mapato ya gesi katika miaka 15 ya mwanzo, na asilimia 60 zinazobaki huenda katika bajeti ya nchi nzima. Katika mgawanyo huo mkuu anayetajwa ni taifa.

Jiografia nayo inapingana na kirai hicho. Gesi yenyewe iko makumi ya kilomita kutoka pwani, chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Kituo cha Coral Sul kilichopeleka shehena yake ya kwanza ng'ambo mwezi Novemba 2022 huelea baharini: gesi huchimbwa, hugeuzwa kimiminika na hupakiwa melini bila kukanyaga nchi kavu. Sifa iliyopewa jimbo zima, pamoja na Meluco na Ancuabe zilizoko bara, ni sifa ya sakafu ya bahari iliyoko mbele ya wilaya moja. Kwenye rasi ya Afungi, ambako mtambo wa nchi kavu ulipangwa, jambo lililoonekana kwanza na wakazi lilikuwa kuhama. Familia za kijiji cha Quitupo zilijengewa makazi mapya Quitunda, mbali zaidi na bahari kuliko zilikokuwa, na miongoni mwao wamo wavuvi.

Wakazi wenyewe wana sifa nyingine kwa jimbo lao. Jina Cabo Delgado lina maana ya Rasi Nyembamba kwa Kireno, na kwa utani wenye uchungu wamekuwa wakiliita “Cabo Esquecido”, Rasi Iliyosahauliwa. Sifa hiyo nayo ni fupi, lakini imebeba kitendo, na kitendo hicho kina mtendaji anayeweza kuulizwa.

3.3 Sababu iliyopenyezwa

Kivumishi kilichotangulia jina hufanya kazi nyingine katika habari za vita. Sentensi isemayo kuwa waasi wameshambulia jimbo “lenye utajiri wa gesi” haisemi kwamba wameshambulia kwa sababu ya gesi, lakini msomaji huelewa hivyo. Baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, na baada ya TotalEnergies kutangaza tarehe 26 Aprili 2021 kusitisha utekelezaji wa mkataba kwa sababu ya dharura isiyozuilika, tafsiri hiyo ya sababu ilipata nguvu zaidi.

Utafiti unaonesha picha pana zaidi. Mwanahistoria Eric Morier-Genoud, katika makala aliyoichapisha mwaka 2020, anafuatilia chimbuko la kundi hilo hadi mwaka 2007, katika wilaya ya Balama iliyoko bara, miaka mitatu kabla ya ugunduzi wa gesi. Mifarakano ndani ya jamii za Kiislamu, ushindani wa vijana na wazee, na mashaka ya maisha vina nafasi yake katika maelezo hayo. Haifuati kwamba gesi haina uhusiano na vita. Matarajio yaliyoamshwa na kuvunjika, pamoja na uhamishaji wa watu, ni sehemu ya historia hiyo. Linalofuata ni kwamba sababu haifai kupenyezwa kama pambo. Ikiwa mwandishi anaamini kuwa gesi ndiyo chanzo, aandike hivyo kwa sentensi inayoweza kujibiwa.

3.4 Hoja ya upande wa pili

Kuna utetezi wa “utajiri wa gesi” unaostahili kusikilizwa. Inaweza kuhojiwa kuwa tafsiri hiyo, hata kama imetokana na kivuli cha Kiingereza, inawapa wakazi silaha. Jimbo likiitwa tajiri, watu wake wanaweza kuuliza mali iko wapi. Ushahidi wa karibu upo ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipopinga ujenzi wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, madai yao yalijengwa juu ya imani kwamba gesi iliyoko kwao ni yao.

Hata hivyo, lugha waliyoitumia ndiyo inayofundisha. Kaulimbiu yao ilikuwa “Gesi haitoki”. Ndani yake hamna kivumishi. Pana kiima, pana kitenzi, pana ukanushi, na kila aliyeisikia alijua nani anasema nini na anamwambia nani. Serikali iliweza kuipinga, na iliipinga. Bomba lilijengwa na kuzinduliwa mwaka 2015. Lakini lilikuwa dai lililotamkwa na wenye kudai. “Lenye utajiri wa gesi” hutamkwa na mtu wa tatu, mara nyingi katika habari ya kijiji kilichochomwa, na kurudiwa kwake hulizoesha sikio. Baada ya kusikika mara mia, utajiri huwa jina la mahali, na anayeuliza mali iko wapi huonekana kana kwamba anauliza lililo wazi.

4.0 Vivumishi Vinavyoandamana

Kivumishi “war-torn” hakina njeo. Kiswahili hulazimika kuitaja: mji “uliosambaratishwa na vita” ni mmoja, mji “unaosambaratishwa na vita” ni mwingine. Mocímboa da Praia ilitekwa na waasi mwezi Agosti 2020, ikakombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji mwezi Agosti 2021, na baadaye wakazi wakaanza kurejea. Kwa mshauri anayepanga kurudisha familia na kufungua shule, tofauti ya -li- na -na- ni tofauti ya mipango. Mfasiri asiyejua tarehe ya tukio huchagua njeo kwa kubahatisha, na kubahatisha huko husomwa kama taarifa.

Kivumishi kinachoishia na “-linked”, kinachotumiwa kulihusisha kundi la waasi na Dola la Kiislamu, nacho hakisemi nani aliyelifungamanisha kundi hilo na nani, wala kwa nguvu kiasi gani. Kiswahili hukifasiri kwa “lenye mafungamano na”. Mzizi wa neno hilo ni kitenzi “fungamana”, chenye kiambishi -an- cha kutendana: huyu kamfunga yule na yule kamfunga huyu. Dai la upande mmoja, kama lile lililotolewa na Dola la Kiislamu kuanzia mwaka 2019 lilipojitangazia mashambulizi ya huko, hugeuka kuwa mapatano ya pande mbili. Wenyeji huwaita waasi hao “mashababi”, jina lisilodai kujua uhusiano wao wa nje. Kirai “kundi ambalo Dola la Kiislamu linadai kuwa tawi lake” ni kirefu, lakini kinamtaja mdai.

Katika mifano yote mitatu mwenendo ni mmoja. Umbo la Kiingereza limeacha pengo: la umiliki, la wakati, la upande. Sarufi na msamiati wa Kiswahili hulijaza pengo hilo, na mfasiri asipolijaza kwa maarifa, hulijaza kwa mazoea.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Methali isemayo kuwa penye miti hapana wajenzi imetumia -enye kwa umbo la mahali. “Penye miti” husema tu kwamba miti iko hapo. Haisemi ni ya nani. Ikishasema hivyo, methali huuliza papo hapo kuhusu watu. Umbo hilo la PA linafaa sana kwa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado: “pwani penye gesi” ni kirai sahihi kijiolojia, kifupi kwa mwandishi mwenye nafasi finyu, na hakimvishi mtu utajiri asiokuwa nao.

Kwa wafasiri na wahariri, makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, maana ya kujaa ifasiriwe kwa -enye na -ingi, na neno “utajiri” liachiwe habari inayomtaja mwenye mali. Pili, kila kivumishi ambatani kivunjwe kiwe sentensi kabla ya kutafsiriwa, ili mtenda, mtendwa na wakati vijulikane; kisipovunjika, kiachwe. Tatu, sifa isiyohusiana na tukio linaloripotiwa isirudiwe: habari ya shule iliyofunguliwa tena Macomia haihitaji kutaja gesi ya Palma. Baraza la Kiswahili la Taifa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zina uwezo wa kuandaa mwongozo mfupi wa aina hii kwa vyumba vya habari na kwa idara za tafsiri za jumuiya za kikanda.

Kwa washauri wa sera pendekezo ni moja. Rasimu yoyote inayoitambulisha Cabo Delgado kwa utajiri wa gesi iambatanishe, katika aya hiyohiyo, maelezo ya nani ana haki juu ya gesi hiyo, sehemu gani ya mapato hurudi jimboni, na kwa sheria ipi. Maelezo hayo yakikosa nafasi katika rasimu, sifa hiyo nayo iondolewe.